Vikombe vya Mama Ashiru

Asubuhi ya mwisho Mama Ashiru alifungua sokesi kama siku zote, akafuta vikombe vyake vya maua, akavirudisha. Mumewe, Mzee Muharami, alikiomba kile chenye waridi anywee chai. Akanyimwa, kama siku zote, akanywea kikombe chake cha bati.

"Sokesi" ndivyo alivyoliita lile kabati la kioo, na mtaa wao mzima wa Lisekese ukimcheka. Naima, mke wa mwanawe, nesi, alijaribu kumrekebisha.

"Mama, sema shoukesi. Shoo!"

"Soo. Kwani vikombe havionekani?"

Vilionekana kweli. Wageni waliketi wakivitazama, kisha wakanywea vya plastiki. Diwani alikuja kuomba kura, akavisifu mpaka koo likamkauka. Naye akaletewa cha plastiki.

Jioni ya siku ile ya mwisho Mama Ashiru alianguka uani, hakuinuka tena.

Msibani Naima alitaka kulifungua kabati, watu watiliwe chai. Mzee Muharami akakataa kutoa ufunguo.

"Baba, hata shehe?"

"Hata shehe."

Shehe akanywea plastiki.

Matanga yalipokwisha na watu kuondoka, mzee alifungua mwenyewe. Sasa hakuna wa kumnyima. Akakitoa kile chenye waridi, akakishika kwa muda, akakifuta, akakirudisha mahali pake. Kisha akaenda kutafuta kikombe chake cha bati. Jibu alilopewa na mkewe asubuhi ile ya mwisho alikuwa bado analisikia:

"Hivyo vya kuwaonyesha wageni, Baba Ashiru. Wewe nilishakuonyesha vyote."