Mfalme Aliyekataza Mazishi

Yule mwigizaji wetu wa Isiolo amefariki. Habari zilinikuta kwa kinyozi, nusu ya kichwa changu imenyolewa na nusu bado, na badala ya kusikitika nikacheka, mpaka waliokuwa wakingoja zamu wakanitazama kama mtu asiye na adabu. Naomba radhi kwao. Lakini anayemkumbuka marehemu bila kucheka hakumjua, na mimi nilimjua kuliko wengi, kwa sababu katika miaka ya sabini niliwahi kuwa maiti wake.

Nieleze. Marehemu alikuwa karani wa idara ya maji, mtu wa Meru, aliyerudi kutoka masomoni Nairobi na wazimu mmoja tu: tamthilia za kale, zile za wafalme wa ng'ambo ambao hata makaburi yao hayajulikani. Moja aliitafsiri yeye mwenyewe. Ndani yake mfalme anamuua jemadari aliyemwasi, kisha anaamuru mwili uachwe langoni mwa mji bila kuzikwa, mjane alie mpaka achoke. Katika sehemu ya mwisho mfalme anabadili nia, lakini amechelewa, na nyumba yake yote inaangamia. Marehemu aliishi kwa ajili ya sehemu hiyo. Machozi yake alikuwa ameyafanyia mazoezi mbele ya kioo hadi yakawa yanakuja kwa amri. Yeye ndiye aliyekuwa mfalme, taji lake limekatwa kutoka kopo la samli. Mimi, mwalimu kijana nisiyeweza kukariri mistari miwili, nilipewa ujemadari, yaani kazi ya kulala chali jukwaani.

Siku yenyewe ukumbi ulijaa wauza miraa, makarani wenzake, na wafugaji waliokuwa wameleta mbuzi mnadani kutoka upande wa Kipsing. Safu ya mbele walikaa wazee wa Kiislamu wenye malori, ambao baba zao waliletwa huku na jeshi la mkoloni. Mfalme alipotoa amri kwamba nisizikwe, wauza miraa waliacha kutafuna. Mjane akalia, mfalme akakataa. Mjane akalia tena. Ndipo mzee mmoja wa malori alipopanda jukwaani na shuka lake, akanifunika vizuri hadi kichwani, akawaita wenzake. Marehemu alimsogelea akamnong'oneza kwamba huu ni mchezo tu.

"Tunajua ni mchezo," mzee akajibu, ukumbi mzima ukisikia. "Lakini hata kwa mchezo, maiti hawezi lala hivyo. Huyu hana makosa tena. Tupatie sisi tuzike, halafu wewe uendelee na kelele yako."

Nikabebwa. Chini ya shuka nilifikiria kusema neno, lakini maiti hasemi, na kwa kweli nilibebwa vizuri. Ukumbi wote ulitufuata nje, mfalme akabaki akitawala viti. Nilipofunuliwa uso, yule mzee alinipa pole kwa yaliyonipata.

Kwa siku kadhaa mama mwenye hoteli alimnyima marehemu chai, akisema hapikii mtu wa namna ile mpaka aruhusu mazishi. Marehemu alishikilia heshima ya msanii, akanywa maji ya idara yake, hadi asubuhi moja aliposimama mlangoni pa hoteli na kutangaza kwamba amri imefutwa. Akapewa chai, na mandazi juu. Baadaye aliipeleka tamthilia miji mingine, akafika mwisho na machozi yake yote, akashangiliwa. Lakini aliyoitamani ni Isiolo. Kila alipojaribu tena, mzee fulani alisimama na shuka.

"Nairobi wananipigia makofi, halafu wanaenda kula," aliniambia. "Isiolo walinishtaki." Miaka mingi aliyasema hayo kwa uchungu. Miaka ya themanini ilipoingia nikamsikia akiyasema kwa majivuno. Sisi tunaoandika tunapenda kulalamika kwamba kazi za kale hazina wasikilizaji siku hizi. Yeye alishapata wasikilizaji mpaka wakamzidi nguvu.

Nilipofika matangani, nilikuta ndugu zake wanagombana. Wengine walitaka alazwe shambani kwao Meru, wengine kwenye ploti yake ya Isiolo, na kila kikao kilizaa kikao kingine huku yeye akiendelea kungoja mochari. Niliona aibu kwa niaba yake. Kisha mlango ukafunguliwa, akaingia yule mzee wa malori, sasa anatembea kwa fimbo, shuka begani. Alitoa salamu, akasikiliza kidogo, akasema polepole, "Huyu hana makosa tena. Tupatie sisi tuzike."

Nilicheka mbele ya wafiwa, na kicheko kikageuka kilio kabla sijakizuia. Hakuna aliyembishia mzee.

Alizikwa kesho yake, palepale Isiolo. Nilishika pembe moja ya jeneza, mimi niliyewahi kubebwa. Sehemu ya mwisho ya ile tamthilia haikuwahi kuonekana katika mji ule, na sasa naona sababu. Inahitaji watu wanaoweza kukaa vitini wakitazama mpaka kuchelewe.