Afande wa Mageti

Glenys Prosser aliamka vizuri, akatandika farasi wake vizuri, akafika shambani kwa Preece, na hapo siku ikaharibika. Mtu alikuwa amekimbiza farasi kwa shoti katikati ya ngano, na ardhi imelowa chepechepe. Alama za kwato zilijaa maji kuanzia upande huu wa shamba hadi ule. Ukingoni, ambako ndiko wapanda farasi walikoruhusiwa kupita, hapakuwa na hata alama moja.

Alitukana peke yake, farasi akasikiliza.

Njia ile haikuwa ya serikali. Marehemu baba yake Preece aliitoa kwa hisani tu, na kilichotolewa kwa hisani huweza kurudishwa siku yoyote. Ikifungwa, ilibaki barabara ya lami, ambako malori ya kuku yalipita yakikwaruza ua wa miiba pande zote mbili. Farasi wake, jike mnene mwenye madoa aitwaye Damson, alikuwa mzee, na breki za lori zilimtetemesha mwili mzima. Glenys naye alikuwa amepika katika shule ya kijiji mpaka magoti yakamgomea. Juu ya tandiko tu ndipo yalipomwacha apumue. Kumnyima njia ile kulikuwa kumrudisha kwenye kiti cha dirishani akahesabiwe miongoni mwa wazee.

Preece alikuwa mtu wa maneno machache, na siku ile aliyatumia yote. Alimsimamisha getini akamwambia kwamba amechoka. Watu wa farasi ni walewale, akasema, na mara nyingine akikuta upuuzi, aliyeufanya hatakanyaga tena shamba lake, awe nani.

Samaki mmoja akioza, wote wameoza. Glenys alikereka hadi masikio yakawaka moto, kwa sababu alimjua huyo samaki. Akaenda moja kwa moja kwa Tamsin Hext, msichana aliyehamia nyumba mpya za kule juu na farasi mrefu mwenye miguu myembamba. Alimkuta akimpiga brashi.

"Ni wewe uliyepita kwenye ngano?"

"Ngano ipi? Yale majani?"

"Ingekuwa mkate ungeitambua."

Tamsin alicheka, jambo lililomwongezea Glenys uchungu. Akamshindilia sheria zote palepale: kupita ukingoni, mmoja nyuma ya mwingine, kutembea taratibu penye kondoo, kutothubutu kupiga shoti ardhi ikiwa laini, kushuka na kuondoa mavi ya farasi mlangoni pa watu.

"Na mageti?" Tamsin akauliza, macho kwenye brashi.

"Geti unaliacha ulivyolikuta. Limefungwa, lifunge. Liko wazi, liache wazi. Mtoto wa hapa anazaliwa analijua hilo."

"Sawa, afande," Tamsin akasema, akapiga saluti kwa brashi.

Jina likashika. Hata kwenye duka la posta wakawa wanamwita Afande wa Mageti, tena usoni. Glenys alivumilia. Ngano ikasimama tena, njia ikabaki wazi, na yeye akaendelea kulinda shamba la watu kama la mamaye.

Kisha likaja joto la Juni. Alipita mchana na kulikuta geti la kati, lile linalotenganisha malisho mawili, limesukumwa nyuma hadi kwenye upupu, wazi kabisa. Kondoo walikuwa wamelala kivulini upande wa juu. Damu ikamchemka. Yule msichana! Kuambiwa kote kule, na bado! Akashuka, magoti yakalia, akalivuta geti, akatia komeo, na kwa kuwa hakuiamini tena dunia, akalifunga na kwa kamba juu yake. Akaondoka akijisifu.

Hakutazama upande wa chini, lilipokuwa hori la maji.

Kesho yake Preece alikuwa amesimama hapo, uso umekunjamana. Kondoo walikuwa wameshinda na kukesha bila maji, wakajazana getini wakikanyagana, na wanakondoo wawili walikuwa wamelala chini ya gunia, wamekufa. Mkononi alishika ile kamba.

"Nililifungua mwenyewe wapate kunywa," alisema. "Tazama fundo hili, Glen. La kuvuta mara moja likafunguka. Mkulima hafungi hivi. Hivi hufungwa farasi."

Glenys alilitazama. Alilijua vizuri kama mwandiko wake.

"Ni yule wa nyumba mpya," Preece akaendelea. "Hapiti tena hapa. Wewe endelea tu, wewe unajua kazi."

Kunyamaza kulikuwa rahisi. Damson alikuwa akila majani, jua zuri, na njia nzima mbele yao. Hasira hasara, mama yake alizoea kumwambia, na yeye alizoea kumjibu kwamba hasara ni ya wenye hasira za bure. Zake hazikuwa za bure. Ndicho kilichomkera kuliko yote.

"Fundo ni langu," akasema. "Nilidhani ni yeye aliyeliacha geti wazi."

Preece akaviringisha kamba akaitia mfukoni.

"Nilisema awe nani, Glen."

"Ulisema."

Siku hizi Glenys hupita barabarani, na fulana ya njano inayong'aa, mkono juu kuwashukuru madereva wasiostahili. Juma lililopita lori lilimgandia nyuma, breki zikilia, Damson akitetemeka chini yake, na kwa kuchungulia juu ya ua akamwona Tamsin akija ukingoni mwa shamba, mwendo wa taratibu, mkao mzuri. Geti la kati lilikuwa wazi. Tamsin alisimama, akalitazama, akatazama hori, akapita.

Akaliacha wazi.

"Vizuri," Glenys akasema kwa sauti, machozi ya hasira yakimtoka, na dereva wa lori akapiga honi.