Kibuyu Kilichorudi Kimejaa

Mwezi uliopita nilipanda hadi kwetu, kule juu ya Nkubu, wakifungua kanisa jipya. Mtoto wa ndugu yangu ndiye aliyenipigia simu akasema, shangazi, njoo uone, mahali ulibatizwa pamekuwa hoteli. Kweli ni hoteli. Chini ni vigae vya kuteleza, juu dari, na vipaza sauti vikubwa kama makabati. Ibada ilipoisha watu walienda kupigana picha. Mimi miguu ilinipeleka nyuma ya jengo, pale palipokuwa na mawe matatu na chungu. Mawe hayapo. Wameweka tangi la maji.

Nikamuuliza kijana mmoja wa kwaya, "Siku hizi uji mnapikia wapi?"

"Uji gani, shosho?"

"Uji wa Jumapili ya Meza."

Akamwangalia mwenzake, wakacheka kidogo, si kwa ubaya. "Shosho, hapa ni chai na mandazi. Ukitaka sana uji tutakununulia wa pakiti."

Sasa wewe unayenisoma, keti vizuri nikuambie huo uji. Na nikipotea njia univumilie. Shule niliiachia darasa la tatu, na tangu hapo hakuna aliyenifundisha kusema kitu moja kwa moja.

Nililelewa na nyanya, mama ya baba. Nyumba ilikuwa ya mbao, imezungukwa na kahawa, na mwezi wa saba ukungu ulikuwa unaingia hadi ndani kama mgeni asiyebisha. Mchungaji wetu alikuwa na makanisa mengi ya kuzunguka na pikipiki moja yenye kikohozi, kwa hivyo Meza ya Bwana hatukuipata kila wakati. Ikitangazwa tu, akina mama wanaanza kuloweka unga. Nyanya aliloweka wa wimbi ndani ya chungu kidogo karibu na moto, akaufunika na jani la mgomba, akaniambia nisichungulie kwa sababu uji huona haya. Nilikuwa nachungulia tu. Siku zikipita nyumba nzima inanuka ule uchachu mtamu, unakuwasha hapa chini ya taya. Jumamosi anaupika, anaumimina kwenye kibuyu, anaziba mdomo na gunzi la mahindi, na mimi Jumapili ndiye nakibeba mgongoni kwa kamba, kikinilemea kidogo, nikitembea kama mama mwenye mtoto.

Baada ya ibada kila mama alikuja na kibuyu chake nyuma ya kanisa, na vyote vilimiminwa katika chungu kimoja kikubwa. Hiyo ndiyo ilikuwa maana yake. Uji wa mwenye ng'ombe ulikuwa mzito, wa asiye na kitu mwepesi mpaka unaona kidole, lakini ukishachanganywa nani anajua huu ni wa nani? Kulikuwa na kata moja ya kunywea, nusu ya kibuyu iliyokatwa ikalainishwa na midomo ya watu wengi kuliko mimi ninavyoweza kukumbuka. Unakunywa, unafuta kwa kiganja, unampa aliye kando yako. Mke wa mwalimu alikunywa baada ya mama aliyeuza mkaa. Kata ilikuwa kazi yangu kuosha, na nilijiona mtu mkubwa.

Aliyeshika upawa ni nyanya yangu. Hakupigiwa kura. Mama mkwe wake aliushika, akampa yeye. Chungu kikiwa chini ya upawa wake ni kama nchi na mfalme.

Nimesahau kukuambia kuhusu jirani. Jirani yetu alikuwa mjane, shamba lake na letu yalitenganishwa na mstari wa ndizi tu. Alikuwa amezaliwa huku chini kwenye joto, upande huu ambao mimi nilikuja kuolewa, na uji wake aliupika kwa mawele badala ya wimbi. Wengine walimcheka, wakamwambia, "Mama, huo ni chakula cha ndege!" Yeye anajibu, "Basi rukeni, tuwaone." Lakini kibuyu chake kikimiminwa unaona watu wanasogea karibu na kata. Yeye na nyanya walichuma kahawa pamoja, leo kwake, kesho kwetu. Moto ukizimika kwetu nilitumwa kwake na kigae kuomba kaa. Nyanya alikuwa na dada watatu wa tumbo moja na sikuwahi kumwona akicheka nao vile alivyocheka na huyo.

Sasa binti mkubwa wa jirani akachumbiwa. Unajua mambo ya mahari huku kwetu. Wazee wa ukoo wa marehemu mumewe walikaa, wakasema bila pombe ya asali hawafungui midomo, na wasipofungua midomo hakuna baraka na hakuna harusi. Kanisa nalo lilikuwa limekataza pombe kabisa, hata kuinusa. Mjane afanye nini? Alienda kwa nyanya, nakumbuka alisimama mlangoni na kikapu cha kahawa hakijashushwa kichwani, akauliza, "Niambie dada, nimkosee nani?" Nyanya akasema, "Mambo ya ukoo ni mazito." Huo ndio ushauri aliopewa.

Akapika pombe. Wazee wakanywa, wakabariki, binti akaenda kwake. Na habari zikafika kwa mchungaji zikiwa bado moto. Aliyezipeleka alikuwa mzee wa kanisa, ambaye hata alijua kueleza jinsi ile asali ilivyokuwa tamu, na hakuna aliyemuuliza alijuaje.

Jirani akasimamishwa mbele, akatangaziwa kwamba hatakaribia Meza ya Bwana mpaka Pasaka, na atakaa benchi la nyuma kabisa. Hukumu ilikuwa hiyo. Mchungaji hakusema zaidi. Mimi nilikuwa hapo nikichuna ngozi ya goti, na masikio yangu yalikuwa mazima.

Lakini Jumapili ya Meza ikafika, na yeye akaja nyuma ya kanisa na kibuyu chake kama kawaida, na tena amebeba mzigo wa kuni kwa sababu ilikuwa zamu yake ya kuni. Akina mama wakageukia vibuyu vyao. Mmoja akasema, bila kumwangalia, "Mikono iliyokoroga ile kitu..." na hakumaliza. Wote wakamtazama nyanya. Jirani alikuwa ameshatoa gunzi, amekiinamisha kibuyu.

Nyanya akasema, "Chungu kimejaa leo, mama."

Hakikuwa kimejaa. Mimi nilikuwa karibu zaidi kuliko mtu yeyote, nilikuwa naona mstari wa uji uko chini ya shingo ya chungu. Na angalia hilo neno "mama." Kila siku alimwita dada.

Jirani akarudisha gunzi taratibu, akaligongagonga likaingia. Akasema, "Basi si neno." Kata ikazunguka, ikamfikia aliye upande wake wa kushoto, halafu ikaonekana upande wake wa kulia. Kuni zake tulichoma. Baridi ilikuwa kali siku hiyo, uji ulipashwa moto na kuni zake, na hakuna aliyesema kuni zina dhambi.

Nataka uelewe nyanya hakuwa mtu mbaya. Ndiye alinifundisha kuomba, ndiye alikuwa akificha nduma kwenye majivu kwa ajili yangu. Nafikiri aliogopa kwamba akiumimina ule uji, wenzake wataacha kunywa, na chungu kitamfia mikononi. Basi akachagua chungu. Hivyo ndivyo ninavyomtetea, na kila nikimaliza kumtetea najisikia vibaya zaidi.

Pasaka ikafika. Jirani akaitwa mbele, mchungaji akamwombea, akampa mkate na kikombe, akina mama wakaimba mpaka mabati yakalia. Walimshika mkono mmoja mmoja, "Bwana asifiwe, dada," na machozi yalikuwepo, ya kweli. Nyanya alimkumbatia. Mimi nikafurahi kwa sababu nilijua sasa tutakunywa uji wa mawele.

Nje, jirani akaja na kibuyu. Kila mtu akangoja mwingine aseme kitu. Unaona shida yenyewe? Kwenye Meza alitolewa kwa kutangazwa, kwa hivyo alirudishwa kwa kutangazwa. Kwenye uji hakuna aliyemtoa. Sasa nani angesimama kumrudisha mahali ambapo hakuna aliyekubali kwamba alifukuzwa? Nyanya alizungusha upawa chunguni mara nyingi bila sababu. Halafu akasema, kwa sauti ndogo, "Kimejaa, mama."

Ikabaki hivyo. Mwaka ule, na mwingine, mpaka nikawa msichana mkubwa. Jumapili ya Meza jirani anakuja na kibuyu, anasimama kidogo, anaambiwa kimejaa, anasema si neno, anasalimia watu, anateremka njia na kibuyu chake kikiwa kizito vilevile. Mimi kwa akili ya mtoto niliona ni kawaida yake tu, kama vile kuna watu hubeba mwavuli hata jua likiwaka. Kwenye kahawa waliendelea kusaidiana. Nyanya alipovunjika mguu, aliyekuja kukamua ng'ombe ni yeye. Siku moja nyanya alikuwa akimenya maharagwe kitandani, akasema ghafla, "Si mimi niliyemfukuza." Hakuna aliyekuwa amemuuliza. Nilikuwa peke yangu naye, na mdomo wangu ulikuwa umejaa ndizi.

Nyanya akafa, upawa ukaenda kwa mwingine, jirani naye akafa baadaye, mimi nikiwa nimeshaolewa huku Kiritiri. Na hapa ninakula mawele kila siku ya Mungu. Yakichacha jikoni namuona na lile gunzi.

Sasa turudi kwa tangi la maji. Nimesimama pale, vijana wa kwaya wanacheka, na mama mmoja akaja na birika kubwa la chai, amevaa kitambaa cha akina mama wa kanisa. Yeye ndiye mkubwa wa jikoni siku hizi. Akanikazia macho. "Wewe si mjukuu wa mama wa upawa?"

Alikuwa kitinda mimba wa jirani. Mimi nilimwacha akiwa msichana mdogo wa kutumwa kuni, na sasa ana mvi kama zangu. Tulikumbatiana, chai ikanimwagikia kiatu. Tukataja wafu wetu wote. Halafu kwa sababu nimekuwa mzee na mdomo wangu hauna mlango tena, nikamwambia, "Dada, ule uji wa mama yako. Sisi tulikosea sana."

Akacheka! Akaweka birika chini ili acheke vizuri. "Ule uji? Wacha nikuambie siri. Sisi watoto tulikuwa tunaomba Mungu msiuchukue. Kweli! Jumapili ya Meza tulikuwa tunakaa kwenye mstari wa ndizi tukingoja, na tukimwona anateremka ameinama, tunajua kibuyu kimerudi kimejaa. Tulikunywa mpaka tumbo likawa ngoma. Hakuna siku tuliipenda kama hiyo."

Nikataka kucheka naye. Nilikuwa hata nimeanza. Nilihisi kama mtu amenitua mzigo mgongoni, kwamba basi haukumwagika bure, watoto walishiba, Mungu alijua kupanga.

Akainama kuchukua birika, akasema, "Lakini yeye hakuwa akinywa. Tulimwambia, mama, na wewe onja. Anasema, mimi nimeshiba, nimekunywa kanisani na wenzangu."

Alisema hivyohivyo, kama kitu kitamu cha mama yake. Hakujua. Miaka hii yote hajui. Mama yake alificha kosa letu. Sisi tulimruka na kata, na yeye akateremka nyumbani akatusitiri mbele ya watoto wake, ili wakue wakipenda kanisa. Na wamelipenda. Huyu hapa, ndiye anatupikia chai.

Nimefikiria sana tangu siku hiyo. Chungu hakipo, na sijui kama nikililie au niseme afadhali. Leo kila mtu ana kikombe chake cha karatasi, anakunywa, anakitupa, anaenda kwa gari lake. Hakuna anayeweza kupitwa na kata kwa sababu hakuna kata. Na mimi najijua, hata huku chini tunaye dada mmoja aliyehamia kwa muda kanisa la hema, akarudi, tukampigia makofi, na tangu arudi hakuna aliyempa zamu ya kuomba. Hakuna aliyetangaza. Mimi ndiye hugawa zamu.

Siku ile, pale nyuma ya kanisa, alinimiminia chai, nikashika kikombe na sikuweza kukifikisha mdomoni. Kikapoa. Mtoto wa jirani akaniuliza, "Mbona hunywi, dada?"

"Nimeshiba," nikasema.

Akaniangalia, akakichukua, akamwaga ile baridi kwenye nyasi, akanimiminia nyingine mpaka juu.