Ng'ombe wa Udongo wa Jirani

Mama alipotua Toronto kusubiri nijifungue, alikuwa ameacha nyumbani ng'ombe mwenye mimba, na tangu siku ya kwanza ilikuwa wazi ni nani kati yetu aliyemnyima usingizi.

"Sikai sana," alisema kabla hata hajavua koti. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe."

Mtaani kwetu Rexdale hatukuwa na jembe wala shamba. Tulikuwa na ghorofa, theluji, na basi la barabara ya Kipling. Mume wangu alishinda kazini kwenye bohari karibu na uwanja wa ndege, binti yetu alimjibu bibi yake kwa Kiingereza, na Mama aliketi dirishani akipiga simu Kenya kuuliza kiwele kimejaa kiasi gani. Haikupita muda akataka tiketi ibadilishwe arudi mapema.

"Na mimi je?" nikamwuliza.

"Wewe una daktari."

Nilicheka, kisha nikaingia bafuni nikalia. Mtoto wa kwanza nilimzaa huku bila mama yangu, na sikutaka kurudia. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na mimi nilimtaka mzazi wangu.

Kilichoniokoa ni kuishiwa na maziwa. Jirani yetu wa mlango wa pili, bibi mjane mzaliwa wa Uingereza, alikuwa na kabati la vioo lililojaa wanyama wa udongo, waliofinyangwa huko kwao zaidi ya miaka mia mbili iliyopita, wakachomwa na kupakwa rangi inayong'aa kama kioo. Kulikuwa na kondoo, na simba mwenye uso wa mbwa mpole, kwa maana aliyemfinyanga ni wazi hakuwahi kukutana na simba. Bibi aliwarithi kwa mama yake, lakini hakuwadekeza. Kitu kikiogopwa kutumiwa, alisema, bora kingebaki tope.

Siku ya theluji nzito nikamwomba maziwa, naye akayaleta ndani ya ng'ombe. Alikuwa ng'ombe mdogo, wa kubebwa kiganjani, mwenye mabaka ya kahawia na kijani yaliyochuruzika yakaingiliana. Mgongoni alikuwa na tundu lenye kifuniko, mkia ulipindwa ukawa wa kushikia, na maziwa yalitoka mdomoni.

"Mdomoni!" Mama akashika kiuno. "Nimekama ng'ombe tangu nikiwa msichana, sijaona hata mmoja anayetapika maziwa!"

"It's just a jug, Grandma," binti yangu akamweleza kwamba ni jagi tu.

Mama alicheka hadi akafuta machozi kwa leso. Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu aje.

Sasa, kwetu chombo cha jirani hakirudi kitupu. Mama alimjaza yule ng'ombe chai ya maziwa yenye tangawizi, akampeleka mwenyewe. Kesho yake hodi. Jirani amesimama mlangoni, ng'ombe mkononi, ameoshwa, amekaushwa, mtupu kabisa. Chai ilikuwa imemkolea, alitaka nyingine. Kwa adabu za kwao, kurudisha chombo kisafi kulitosha. Kwa adabu za Mama, chombo kikirudi kitupu basi mambo yamekwisha, kila mtu ashike lake, na tiketi ibadilishwe.

Bahati nzuri mlango niliufungua mimi. Nilimpokea ng'ombe, nikakimbilia jikoni kwa kadiri tumbo lilivyoniruhusu, nikamjaza sukari.

"Mama, jirani ameleta sukari."

"Loo! Kumbe na hawa wamefunzwa na mama zao," akasema. "Basi siwezi kupanda ndege kabla sijamjibu."

Akamjibu kwa chai, na jirani akarudi na ng'ombe mtupu, nami nikamjaza njugu. Tukaendelea hivyo majira yote ya baridi. Jirani alinawiri kwa chai, Mama alimsifu kwa watu wa nyumbani kwenye simu, na mimi nikawa mwepesi wa kufungua mlango kuliko mwanamke yeyote mwenye mimba ya miezi minane. Siku moja jikoni hapakuwa na kitu cha maana. Nikafungua sanduku la Mama, nikachomoa punje chache za iliki aliyoileta kutoka nyumbani, imefungwa kwenye pembe ya kitambaa. Mama akafunua kifuniko, akanusa, akanitazama kidogo, akafunika.

"Hata iliki Waingereza wanayo," akasema, akaenda kuteleka chai.

Mtoto akaja, wa kike, na Mama alikuwa amenishika mkono. Tuliporudi nyumbani nililala chumbani na kichanga wangu, nikanusa uji ukichemka, nikajiona tajiri. Mara hodi. Sikuweza kuinuka. Nikamsikia Mama akifungua mlango, nikasikia sauti ya jirani, kisha kale kamlio ka kifuniko cha udongo kikifunuliwa.

Mama akaingia chumbani na ng'ombe mkononi, akamwinamisha nione ndani.

"Mtupu," akasema. "Kama siku zote."

Nikakosa pa kuficha uso.

"Njia ya mwongo fupi, mwanangu. Iliki ile niliianika mwenyewe, nikaifunga mwenyewe. Nisiijue?"

"Na ng'ombe wako?"

"Alishazaa zamani. Ndama jike, salama, kaka yako ananywa maziwa."

"Basi mbona hukuondoka?"

Aliketi ukingoni mwa kitanda, akamfunika mtoto vizuri.

"Ng'ombe yule hajawahi kuniibia iliki ili nisiondoke," akasema.

Kisha akainuka haraka akaenda jikoni, maana jirani alikuwa bado amesimama mlangoni akisubiri chai.