Unamhesabia Nani, Fisi?

Nakumbuka jioni moja ya kiangazi kule kijijini kwetu Didia, wanangu, nimekaa chini kando ya zizi la babu, na kaka yangu Masanja amesimama mbele yangu na fimbo ya mkwaju. Michembe, vipande vya viazi vitamu vya kukausha, ilikuwa imeanikwa juu ya mwamba, na kazi yangu nyingine ilikuwa kufukuza kuku wasiile.

"Narudia," Masanja akasema. "Mzee fulani ana ng'ombe kumi na wanne. Wamezaliwa ndama watatu. Wote ni wangapi?"

Nikawatazama kuku.

Nilikuwa darasa la nne kwa mara ya pili. Mtihani wa darasa la nne siku zile ulikuwa kama ulivyo huu wa watoto wenu: ukishindwa, unakariri darasa. Mimi nilishakariri, na baba alikwisha kusema mbele ya nyumba nzima kwamba nikishindwa tena, basi. Ningepelekwa kwa shangazi, upande wa Geita, nikalee watoto wake mpaka nitakapoolewa. Baba hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kusema jambo mara moja na kuliacha hapo. Na mimi shule niliipenda kuliko chakula, nawaambia kweli, ingawa hakuna aliyeniuliza.

Basi Masanja, aliyekuwa amemaliza darasa la saba na hana la kufanya, akapewa kazi ya kuniandaa. Kaka yangu aliamini kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye, na kwa kuwa mwana mwenyewe hakuwa wake, imani yake ilikuwa imara sana.

Mnielewe vizuri. Kusoma nilijua. Gazeti lililofungia nyama ya mnadani nililisoma mpaka pale damu ilipofuta herufi. Kuandika nilijua pia, na hesabu za tarakimu tupu ubaoni nilizipata bila shida. Lakini mwalimu wetu, kijana mpole aliyetoka mbali, alikuwa amefikiri kwa nia njema kabisa kwamba watoto wa wafugaji wataelewa haraka wakihesabu ng'ombe. Kwa hiyo kila swali la maneno alilotunga lilikuwa na ng'ombe, ndama, au watoto wa mzee fulani. Masanja naye akafuata mtindo huohuo. Wote walikuwa wakinirahisishia, na kadiri walivyonirahisishia ndivyo nilivyozidi kuwa bubu.

Sababu ilikuwa babu yangu, Guku Luhende. Guku ndivyo sisi Wasukuma tunavyomwita babu. Katika kaya yake ng'ombe hawakuhesabiwa, wala watoto. Jioni mifugo ikirudi, alisimama mlangoni mwa zizi akawatazama wakipita, huyu mwekundu, huyu mwenye baka begani, huyu mtoto wa yule aliyevunjika pembe, na kama kuna aliyepotea alimtaja kwa rangi yake. Idadi haikutamkwa, maana iliaminika kwamba kinachohesabiwa hupungua. Nilipokuwa mdogo sana niliwahi kunyoosha kidole nikaanza kuwahesabu ndama. Guku aliupiga mkono wangu ukashuka.

"Unamhesabia nani?" akaniuliza. "Fisi?"

Wanangu, neno la mtu mzima anayempenda humwingia mtoto bila yeye kujua na hukaa asipoliona. Mwaka huohuo mdogo wangu wa mwisho akafa kwa homa. Hakuna aliyesema ni kwa sababu ya kidole changu. Hawakuhitaji kusema, mimi mwenyewe nilikwisha kuamua. Tangu hapo, swali likiwa na ng'ombe, kichwa changu kilijifunga. Na kumweleza mwalimu sikuweza, kwa sababu mambo ya nyumbani hayapelekwi shuleni, na Masanja angenicheka.

Jioni ile, basi, Masanja akachoka na kimya changu akainua fimbo. Guku alikuwa hatua chache tu, anasokota kamba ya kufungia ndama. Sote tulidhani hasikii.

"Masanja," akasema bila kuinua macho. "Weka fimbo chini."

"Guku, huyu ni mzito. Swali moja tangu jua liko juu."

"Nimelisikia hilo swali mpaka nimelichoka. Umemuuliza ni wangapi, ni wangapi. Umeshamuuliza anaogopa nini?"

Masanja akacheka kidogo, kisha akaona mzee hacheki. Hakuwa amewahi kuniuliza. Guku akaniita nikaenda nikapiga magoti mbele yake. Akaniuliza kwa sauti ndogo, na akanisubiri. Alisubiri muda mrefu, mpaka kuku wakapanda kwenye michembe na hakuna aliyewafukuza.

"Guku," nikasema, "wewe ulisema fisi."

Mzee aliacha kusokota. Uso wake siwezi kuusahau, maana nilidhani amekasirika, kumbe alikuwa ameumia. Akamgeukia Masanja na baba, ambaye alikuwa ametoka kutazama kuna nini.

"Mimi nimemfunga huyu mtoto," akasema, "ninyi mnampiga kwa kuwa hatembei. Sote watatu tuko hapa tunamwita mjinga."

Baba akataka kusema kwamba mtihani uko karibu. Guku akamwonyesha kiganja. Penye wazee haliharibiki neno, husemwa, ila siku ile mzee alikiri kwamba neno lilikuwa limeharibika mikononi mwake.

Kesho yake jioni mifugo iliporudi, Guku aliniita mlangoni mwa zizi. Alikuwa amevaa shuka lake la kwendea msibani. Mama alitoka jikoni akasimama na mwiko mkononi, baba alivua kofia, na Masanja akaja bila fimbo. Guku alisimama katikati ya mlango wa zizi, akabakiza nafasi ya ng'ombe mmoja mmoja kupita.

"Hesabu," akaniambia.

Nikatikisa kichwa. Machozi yalikuwa yananitoka.

"Hesabu, Kabula. Kwa sauti. Fisi akisikia, atanikuta mimi mlangoni."

Nikaanza. "Imo, ibili, idatu..."

"Kwa Kiswahili," akasema. "Mtihani hauji kwa Kisukuma."

Nikaanza upya, moja, mbili, tatu, na kila namba ng'ombe akapita pembeni ya goti la mzee. Sauti yangu ilianza chini chini kisha ikapanda. Nilipofika mwisho aliniuliza ndama walikuwa wangapi kati ya hao, na wakiuzwa wawili watabaki wangapi, nami nikajibu papo hapo. Mama akaketi chini pale alipokuwa amesimama. Idadi yenyewe siwatajii, na msiniulize.

Tulifanya hivyo kila jioni mpaka mtihani. Na mwezi haukuisha fisi akaingia kweli akachukua ndama mmoja, mtoto wa yule mwenye baka begani. Asubuhi niliuona mwanya aliopita kwenye miiba ya zizi. Nyumba nzima ilinitazama kisha ikamtazama Guku. Alichutama akagusa damu iliyokauka kwenye mwiba. Najua aliogopa, kwa kuwa alikifuta kidole kwenye shuka mara kadhaa, na damu yenyewe ilikuwa kavu.

"Fisi hajui kuhesabu," akasema. "Alikuwa na njaa." Akanigeukia. "Nenda shule, utachelewa."

Nilikwenda. Mtihani ulipokuja ulikuwa na ng'ombe tele, nami niliwahesabu wote bila kuangalia nyuma. Nilifaulu. Geita nilikuja baadaye kwa hiari yangu, nikiwa tayari nimesomea ukunga pale hospitali ya Kolandoto, na kazi yangu ya miaka yote ikawa kuhesabu mapigo ya mioyo ya watoto ambao hawajazaliwa. Guku alipoisikia kazi hiyo aliguna tu. Maana mwiko wa kuhesabu hakuuacha; siku moja baada ya mtihani ule wa darasa la nne, nilipojaribu kuhesabu tena pale zizini nikiwa na furaha yangu, alinifunga mdomo kwa neno moja: "Mtihani umekwisha."

Sasa nawaona ninyi hapa Geita, wanangu. Mtoto wa darasa la pili anapakiwa bodaboda gizani kwenda tuisheni, anarudi giza limeingia, na mkononi ana bunda la kopi za mitihani iliyopita. Jirani yangu hunijia akisema, "Bibi, huyu wangu ni kilaza." Namuuliza: anakwama wapi? Hajui. Anajua alama, mahali hapajui. Sisemi msiwaandae watoto. Upimaji upo na utakuwepo, na mtoto asiyejua kusoma na kuhesabu dunia itamsomea na kumhesabia watakavyo wengine.

Ninachowaomba ni hiki. Kabla ya kopi, kaa naye. Msikilize akisoma kwa sauti wakati ugali unaiva, umwache amalize mstari wake mwenyewe. Hesabuni mlivyo navyo ndani, vikombe, viazi, vifungo vya shati, umwache akueleze swali kwa maneno yake, hata kama ni kwa Kisukuma au Kisumbwa, kisha mlivushe pamoja kwenda Kiswahili. Usiku alale. Na akikwama mahali palepale kila siku, usipandishe sauti. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Muulize anaogopa nini, halafu ufunge mdomo wako usubiri, hata kuku wakila michembe. Ukikuta kwamba aliyemfunga ni wewe, kwa neno ulilolisema ukalisahau, usione aibu kwenda kusimama mlangoni. Kumwambia mtoto asiogope ni rahisi. Guku alijua kwamba kuna mtu lazima asimame upande ule fisi anakotokea.

Nendeni sasa, watoto wanawangoja. Mungu awape subira ya yule mzee na masikio yake, awafungue watoto wenu midomo, na fisi apite mbali na milango yenu. Awalinde wote walio nyumbani mwenu. Wangu pia wapo, ashukuriwe. Ni wangapi, siwaambii.