Bahasha za Jirani

Mwezi uliopita, hapa Columbus, niliingia maktaba kukwepa mvua, nikakuta maonyesho ya sanaa ya wenyeji wa asili wa Marekani waliowahi kufungwa gerezani. Nilizunguka bila haraka mpaka nikafika kwenye bahasha kuukuu iliyochorwa kasa kwa kalamu ya bluu. Jina lililoandikwa chini sikulijua, lakini nilisogea karibu nikaitazama tena. Ndugu yangu, nilimjua mtu aliyechora hivyo.

Tulikaa Buffalo, kando ya barabara ya Bailey, nikiwa na miaka kumi. Jirani yetu alikuwa Mseneca, mmoja wa watu wenye ardhi ile tangu kabla ya viwanda na maduka. Mzee mrefu, mpole, mwenye kikohozi kisichokwisha. Alichora kwenye bahasha tu. Aliniambia gerezani hiyo ndiyo karatasi aliyoipata, na mkono ulishazoea. Mimi sikuona ajabu yoyote.

Kila Jumamosi bibi, mzaa mama, alipika sombe, mboga ya majani ya muhogo, harufu ya mawese ikajaa hadi kwenye ngazi, nami nikatumwa na sahani kwa jirani. Kwetu sahani ya mtu hairudi tupu. Labda na kwao ni hivyo, maana ilirudi na bahasha: korongo, mahindi, theluji juu ya paa. Bibi alizibandika ukutani kwa uji wa unga. Siku moja alitaka achorewe ng'ombe wake wa kule milimani tulikotoka, nikamtafsiria kwa Kiingereza changu cha shule. Pembe zilitoka fupi. Bibi alimrudisha mzee wa watu kazini mara tatu, mpaka akaridhika, akampa ng'ombe jina.

Kisha mama akasikia kazini, kwenye ghala alikopakia maboksi, kwamba jirani aliwahi kufungwa. Wakati ule tulikuwa tunasubiri karatasi za ukaazi, na mama alikuwa hapati usingizi kwa ajili ya karatasi hizo.

"Bon, wakituuliza tunaikala karibu na nani, tutasema nini?" alimwuliza bibi.

Bibi alijibu polepole. "Baba yako walimufunga. Majirani wakatuogopa, wakanirudishia viazi zangu nilizowapelekea. Umesahau?"

Mama hakuwa amesahau. Ndiyo maana aliogopa. Alizibandua bahasha zote ukutani, nikatumwa kuzirudisha. Jirani alizipokea mlangoni, akazipekua moja moja, akaniuliza kama bibi anamrudishia hata ng'ombe. Nikasema ndiyo, nikakimbia. Uongo ule unanichoma mpaka leo, kwa sababu aliyerudisha ni mama, bibi hakurudisha kitu.

Mwaka uliofuata tukaitwa kuhojiwa. Afisa aliuliza majina, tarehe, magonjwa. Habari za majirani hakuuliza. Mama alitoka, tukapanda basi, na tuliposhuka akaupita mlango wetu, nami nyuma yake. Alibisha kwa jirani. Alifungua mwanamke kijana tusiyemjua. Alipotuona tu, alisema kwa Kiingereza kwamba mzee amehama, wala hajui alikoelekea.

Siku hizi bibi hayupo, mtaa ule una watu wengine, na sina hata bahasha moja ya kuwaonyesha wanangu. Nilichobaki nacho ni mama pale mlangoni, akiomba msamaha kwa Kiswahili, maneno mengi, na yule mwanamke akiitikia kwa adabu bila kuelewa hata moja. Mkalimani wa nyumba nzima nilikuwa mimi, na sikufungua mdomo.