Siku Warumi Walipopigwa Murangi

Mungu amenijalia uzee wenye macho mazuri, nami namshukuru kila ninapomkumbuka bibi mmoja wa jumuiya yetu.

Nilikuwa katekista Murangi wakati maduka yalipoanza kujaa tena, baada ya ile miaka ya kupanga foleni ya sukari. Mfanyabiashara wa dagaa alinunua televisheni, video na jenereta, akaviweka ghalani kwake. Kwaresima ile aliahidi kutuonyesha kanda ya mateso ya Bwana.

Bibi huyo alikuwa mjane, na macho yake yalikuwa yakifungwa na utando. Aliniambia, "Mwalimu, nikimwona Yesu mara moja tu, giza na lije." Tukamkalisha mbele kabisa, pua karibu iguse kioo.

Kanda iliyotoka Musoma mjini haikuwa ile. Ilikuwa katuni. Wanakijiji walimwaga uji barabarani, askari wa Kirumi wakateleza na ngao zao, na mzee mwenye ndevu na kanzu akawagonga kofia za chuma kwa mwiko. Sisi tuliwajua Warumi kwa Njia ya Msalaba tu. Kila walipoanguka, ghala lilipiga vigelegele.

"Hiyo ni ya misumari!" mmoja alipaza sauti. "Ongeza ya mkuki!"

Bibi akauliza, "Bwana yuko wapi?"

"Huyo hapo mwenye mwiko, bibi," alijibu mwenye video. "Leo amechoka kupigwa."

"Hawamsulubishi?"

"Watamwezea wapi? Wamekimbia!"

Bibi akasimama, akanyoosha mikono, akaimba Aleluya katikati ya Kwaresima. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Nikamwinamia: "Bibi, wanakutania. Hiyo ni michoro."

Akanisukuma. "Wewe kila mwaka unamuuaga tu."

Kanda yenyewe ilifika baada ya Pasaka. Bibi alikuwa haoni kitu tena, lakini alikuja, akaketi palepale. Aliposikia nyundo na kilio, akauliza, "Nani anapigwa?"

"Yesu, bibi," alisema mwenye video. "Wamemkamata tena!"

Wakacheka kama mara ya kwanza. Bibi aliomba kutoka. Nikamshika mkono, tukapita kando ya dagaa walioanikwa juani mpaka mlangoni kwake.

"Mwalimu, walimkamata lini?"

"Alhamisi usiku, bibi," nikamwambia.